Muhuri wa Dirisha la Tatu

Sehemu ya kumi na moja: Kabla ya saa kumi kamili

Tulimwacha Karani ameushika muhuri hewani, na chini ya kioo cha dirisha la tatu mkono wenye pete ya jiwe la kijani ukiisukuma kadi ya hospitali.

Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Kinyozi mmoja ameniandikia, "Mwambie agonge, usituzungushe." Mama mmoja ambaye hakutaja jina ameniapia kwamba Karani akimsamehe yule mzee, yeye anahamia gazeti jingine. Tulieni. Mimi mwenyewe simwonei huruma.

Karani alishusha muhuri taratibu, akauweka kwenye pedi ya wino. Hakuwa na haja ya kuinua macho. Pete ile aliiona kwenye televisheni miaka miwili iliyopita, siku mwenye nayo, wakati huo waziri, aliposaini waraka uliofunga mashine nne kati ya sita za kusafisha damu, ukafuta na kliniki ya Alhamisi. Watu walimbandika jina la Makasi. Mwenyewe alilipenda, na kwenye mikutano alikuwa akisema makasi hukata ili nguo ikae vizuri.

Kwa mama yake Karani nguo hiyo ilikuwa sanda.

Kwa msomaji anayeingia leo, mambo yalikuwa hivi. Mama alikuwa mgonjwa wa figo, siku zake Jumatatu na Alhamisi. Alhamisi mbili alifika akakuta mlango wa wodi una kufuli. Na waraka ulisema mgonjwa asiyehudhuria mara mbili ahesabiwe kuwa amejiondoa mwenyewe. Jumatatu iliyofuata akaambiwa namba yake haipo tena. Mwanawe wa kiume, fundi wa mashine zile zile, alisimama mlangoni amemshika mama mkono, na mashine haikuwaka, kwa sababu siku hizi haiwaki bila namba iliyo hai. Siku ya tisa mama akafariki.

"Makasi ni kichwa tu," huyo kaka mtu alisema siku ya mazishi. "Kichwa hakigongi muhuri. Mimi nautafuta mkono."

Akamgeukia dada yake. "Siku ile ya kugonga orodha, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ruhusa," Karani alijibu.

Hakuwa ruhusa. Alikuwa kazini. Madirisha yote manne yaligawiwa siku ile karatasi za wagonjwa wa kuondolewa, namba tupu bila majina, na namba zenyewe zilikuwa mpya, zimebadilishwa wiki ile ile. Namba mpya ya mama yake aliijua siku ya kupekua mkoba wa marehemu. Akajiambia mama alikuwa kwenye karatasi ya dirisha jingine. Alijiambia hivyo mara nyingi hata akaamini, na kabati la nakala hakuwahi kulifungua.

Sasa twende dirishani.

"Habari za mchana, binti," Makasi alisema.

"Kadi."

"Si hiyo umeishika?"

Karani aliisoma kana kwamba ni barua ndefu. "Siku zako ni Jumanne na Ijumaa. Jumanne hukuhudhuria."

"Nilihudhuria. Nilimtuma dereva. Alikaa hapa na kadi yangu tangu asubuhi."

Benchi zima liligeuka.

"Dereva ana figo zako?" aliuliza Mama Cherehani.

Mama Cherehani ni mgonjwa wa miaka sita, fundi wa nguo, na ulimi wake haujawahi kuumwa hata siku moja. Mwili umempungua mpaka gauni alilojishonea mwenyewe linamzidi. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kadi za wiki ijayo, akampisha Makasi asimame dirishani kwa kudhani ni mtu wa kuuliza njia.

"Waraka unasemaje kuhusu dereva?" Karani aliuliza.

 Waraka aliuandika Makasi mwenyewe, na aliufungua kwa methali: asiyekuwepo na lake halipo. Wakati ule ilipigiwa makofi.

Mtauliza mkubwa kama huyu anatafuta nini kwenye dirisha la kina sisi. Ni waraka huo huo. Ndani yake alitia kifungu kwamba viongozi wakishaachia madaraka watatibiwa hospitali za umma kama kila mtu. Alikitia kwa ajili ya magazeti. Hata gazeti hili lilimsifu, ukurasa wa mbele, na mhariri wangu asinikasirikie. Makasi aliamini atakufa akiwa ofisini. Akaondolewa kwa barua ya mistari minne, figo nazo zikamwondoka mwezi uliofuata. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika ishirini. Saa kumi kamili orodha hufungwa. Ambaye hajagongewa muhuri wa AMEFIKA kabla ya hapo amekosa siku. Makasi alishakosa Jumanne. Akikosa na leo, ni AMEJIONDOA.

Muhuri huo wa pili ulikuwa mezani pale pale, na ulikuwa na kasoro yake. Mpira ulibanduka katikati siku ulipoletwa, herufi mbili zikapotea, ukawa unagonga AME, pengo, halafu ONDOA. Mihuri ya madirisha mengine ilikuwa mizima. Karani aliomba mwingine akajibiwa kwamba mihuri nayo imebanwa. Kaka yake alikuwa akipita dirishani kila asubuhi kumtania: "Leo ameondoa nani?" Mama alipokufa utani huo aliuacha.

"Hii ni kadi tupu," Karani alisema. "Zinatakiwa kopi mbili, na saini ya dirisha la kwanza nyuma ya kila moja."

"Hayo sikuambiwa."

"Umeyaandika."

Makasi alivuta pumzi. "Mashine ya kopi iko wapi?"

"Ilikuwa pale." Karani alinyoosha kalamu kuelekea kwenye kona, ambako sakafu ilikuwa na mraba uliong'aa kuliko kwingine. "Iliondolewa. Sasa ni duka la ng'ambo ya barabara."

"Binti, miguu yangu..."

"Mkuki kwa nguruwe," Mama Cherehani alisema kutoka nyuma, na lililobaki akaliacha, kila mtu analijua.

Makasi aliichukua kadi akaenda. Alikuwa amevaa viatu vya gharama ambavyo kamba zake haziwezi kufungwa tena, kwa jinsi miguu ilivyojaa maji. Karani alimtazama akishuka ngazi moja moja, akishika ukuta, akisimama, akishuka tena. Nikiwaambia alisikia huruma nitakuwa nimewadanganya. Alisikia raha, na hakuionea haya.

Kisha akafanya jambo ambalo dirisha la tatu halijawahi kuliona. Akahudumia watu kwa upole.

"Karibu, baba. Umeamkaje leo? Wajukuu hawajambo?"

Mzee wa watu alitazama nyuma kuona anayeulizwa ni nani.

Foleni ile ilikuwa ya majibu ya vipimo na kadi za wiki ijayo. Hao saa kumi haikuwauma. Karani alimwandikia kila mmoja kwa herufi nzuri, akapuliza wino ukauke, akamwuliza na ya nyumbani. Foleni ikarefuka. Kila aliyeingia alinong'onezwa ni nani aliyetumwa kopi, na alipofika dirishani naye alikuwa na maswali mengi ya kuuliza. Mama Cherehani alirudi kukaa kwenye benchi mwanzo wa foleni, akiwapisha wengine, mikono mapajani, akingoja kama mtu aliyekata tiketi.

Saa kumi kasoro dakika nane Makasi alirudi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alikuwa na kopi mbili, na nyuma ya kila moja saini ya dirisha la kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Foleni, mzee," askari wa mlangoni alisema. "Mwisho ni kule."

Mwisho ulikuwa kule kweli, watu kumi na mmoja, karibu na choo.

"Jamani," Makasi alisema. "Mimi ni wa saa kumi."

 Mwanamume mmoja alifungua majibu yake ya vipimo akayasoma kwa makini, ingawa alikuwa ameyashika kichwa chini miguu juu. Makasi alikwenda akasimama nyuma ya mtu wa kumi na mmoja. Saa ikasema kasoro sita.

Ndipo Mama Cherehani alipoinuka.

"Wewe mzee. Njoo usimame hapa pangu."

Karani alisukuma kioo. "Mama, unamjua huyo ni nani?"

"Namjua kuliko wewe. Nilimpigia kura." Alikuwa ameshamshika Makasi kiwiko, akimvuta mbele. "Akifia kwenye foleni tutaambiwa tumemuua sisi, na atazikwa kwa heshima. Mimi nataka afike dirishani. Aambiwe lile neno lake, usoni, na mimi nikisikia."

Watu wakasogea kumpisha. Kwa mara ya kwanza siku ile Makasi aliogopa, na Karani aliiona hofu hiyo ikipanda kutoka shingoni.

Kasoro tano.

"Binti, nina dakika tano."

"Mama yangu alikuwa na Alhamisi mbili."

"Mama yako?"

"Sifuri nne moja saba."

Makasi alitafuta kichwani. "Namba hiyo hainiambii kitu."

"Ndiyo maana mliandika namba." Karani aliinama hadi pua ikakaribia matundu ya kioo. Maneno haya aliyafanyia mazoezi miaka miwili, jikoni, bafuni, njiani. "Alikuja Alhamisi akakuta kufuli. Akaja Alhamisi nyingine, kufuli. Mlango uliufunga wewe, halafu ukasema hakuja. Ukasema amejiondoa. Mtu aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri asichelewe. Leo una dakika nne, na muhuri wa kujiondoa ni huu hapa. Nitaugonga kwa starehe, mzee. Nitakugonga mara mbili ili usomeke."

Aliuinua.  

Makasi alimtazama usoni, kisha akamtazama nyuma ya bega, ukutani. Kisha akafanya kitu kibaya kuliko kulia. Akacheka kidogo.

"Ile barua niliisaini mimi," alisema.

Karani hakugeuka. Aliijua. Ilikuwa ndani ya fremu, mkuu wa masjala aliipigilia msumari mwenyewe: pongezi kwa karani wa dirisha la tatu kwa kasi ya kupigiwa mfano. Aliamini ilikuwa ya kazi ya mwaka mzima.

"Haisemi kasi ya nini," Makasi aliendelea kwa sauti ya chini, isiyofika benchini. "Nitakuambia. Zilitoka karatasi nne, dirisha moja karatasi moja. Wenzako watatu walizikalia. Mmoja alisema wino umekwisha. Mmoja akaumwa. Mmoja aliandika kuuliza maana ya kujiondoa. Muda wa orodha ukapita, zikafutwa. Wagonjwa wa karatasi hizo wapo mpaka leo. Huyo mama aliyenipisha ni mmoja wao, nakumbuka alitukana ofisini kwangu. Iliyorudi ni moja tu, binti. Ilirudi siku ile ile, kabla ya chakula cha mchana."

Karani alibaki na muhuri hewani.

"Kama mama yako aliondoka," Makasi alisema, "hakuwa kwenye karatasi ya mtu mwingine."

Kasoro tatu na nusu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na Karani alikuwa ameisema methali hiyo mara ngapi, akiwanyooshea wengine. Akainama. Funguo za kabati zilikuwa kwenye droo, chini ya kalamu zilizokauka. Nakala ya dirisha ilikuwa ya tatu kutoka juu. Kila karatasi iligongwa nakala mbili, moja ya ofisi kuu na moja ya kubaki.

Aliiweka kwenye ubao wa dirisha, karibu na mwanya wa chini ya kioo. Namba zilikuwa arobaini. Kidole kikashuka. Mstari wa ishirini na tatu.

0417. AME, pengo, ONDOA. Na pembeni yake saini, ile yenye mkia mrefu ambayo aliibuni akiwa shule na kujivunia.

Miaka miwili aliliona pengo lile ni ubovu wa mpira tu. Sasa lilisomeka sawasawa. Herufi mbili zilizobanduka ndizo zilizokuwa zikisema mama alijifanyia mwenyewe. Zikitoka hizo, neno linabaki ameondoa. Ukiuliza ni nani, jibu liko pembeni, na mkia wake.

"Gonga basi," Makasi alisema. "Mkono wako ni mwepesi."

Alitaka. Namtetea kwa hilo, kwa sababu hata mimi ningetaka. Lakini Karani ni mtu wa mafaili, na hata akiwa anaungua aliona kilicho mezani. Makasi akifa wiki ijayo, karatasi itabaki na mkono mmoja, wake. Kichwa kitazikwa kwa bendera na hotuba. Mkono utabaki peke yake kujibu.

Akauweka muhuri chini. Akachukua karatasi nyeupe, akaisukuma chini ya kioo pamoja na kalamu ya dirisha, ile iliyofungwa kamba isiibwe.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Alhamisi mlango ulifungwa na nani. Na waliosemwa wamejiondoa, walijiondoa au vipi."

"Na nikikataa?"

"Zimebaki dakika mbili na nusu. Kataa taratibu."

Makasi aliandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa watu waliosomeshwa zamani. Akairudisha. Karani akaisoma: Kliniki ya Alhamisi ilifungwa, na wagonjwa waliondolewa.

"Ilifungwa na nani?"

"Inaeleweka."

"Waliondolewa na nani?" Aliirudisha. "Hapa dirishani fomu isiyojazwa haipokelewi. Andika upya."

Kasoro dakika moja na nusu. Jasho lilidondoka kwenye karatasi, Makasi akalifuta na kiganja, wino ukachafuka kidogo. Alisimama kwenye neno moja kwa muda mrefu. Mtu aliyeandika waraka wa kurasa hamsini na mbili bila hata mara moja kuandika mimi, sasa aling'ang'ana na silabi mbili za mwanzo. Ni-li. Kamba ya kalamu ilikuwa fupi, akalazimika kuinama mpaka paji la uso likagusa kioo.

Akamaliza. Akasaini.

Karani aliisoma kwa sauti, karibu na matundu, ili benchi lisikie. "Mlango wa Alhamisi niliufunga mimi. Wagonjwa hawakujiondoa. Niliwaondoa."

Hakuna aliyeshangilia. Yule mwenye majibu ya vipimo aliyakunja akayatia mfukoni.

"Rudia," Mama Cherehani alisema. "Sikio langu moja ni bovu."

Karani akarudia. Safari hii Mama Cherehani alifumba macho, midomo yake ikayafuata maneno mpaka mwisho, kisha akaitikia kwa kichwa kama anayepokea nguo yake kutoka kwa fundi mwenzake na kukuta mshono umenyooka.

Karani akachukua muhuri wa AMEFIKA. Akagonga kopi ya kwanza. Akagonga ya pili. Mshale wa dakika ukasogea ukasimama juu.

"Hujasamehewa," alimwambia. "Nakutaka hai. Jumatatu tunakwenda wote, wewe na karatasi hii, kuisema mahali pengine."

 Makasi alikuwa akikusanya makaratasi yake kwenye ubao wa dirisha, akiyapanga kwenye bahasha. Mgonjwa kachoka, nani angemtazama vidole?

Karani alikuwa akiikunja ile yenye saini ya Makasi. Aliikunja mara nne, akaitia kifuani, na moyo ukampiga kwa furaha kali ambayo alikuwa ameisubiri tangu mazishi. Kwa dakika nzima alisahau mstari wa ishirini na tatu. Mimi simlaumu, lakini ilikuwa dakika ya gharama.

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Kaka yake alitoka, koti la kazi limefunguka vifungo, akisukuma kiti cha magurudumu.

"Wa mwisho nani?"

Watu walimwonyesha kwa videvu. Fundi alimwona Makasi, na Makasi akamwona fundi.

"Karibu, mzee," kaka alisema. Aliyasema kwa utaratibu mno. "Mashine ya pili. Ndiyo aliyokuwa akiitumia mama yangu."

Makasi alikalia kiti. Aliangalia huku na huku akitafuta sura ya muuguzi. Hakuna. Zamu ya jioni ya wauguzi ilifutwa na waraka, na tangu hapo mgonjwa wa mwisho huachwa na fundi peke yake.

"Huyu kijana ni nani?" aliuliza kwa sauti iliyokauka.

"Huyo?" Mama Cherehani hakutaka mtu mwingine amnyang'anye raha ya kujibu. "Huyo ni kaka wa Karani. Mtoto wa sifuri nne moja saba, anautafuta mkono uliogonga."

Makasi aliifikiria habari hiyo. Karani alimwona akiifikiria, kama alivyokuwa akifikiria kwenye televisheni kabla ya kujibu swali gumu. Halafu mabega ya mzee yakashuka, na uso ukapata rangi.

"Kusafisha damu huchukua saa nne, sivyo?"

"Saa nne," fundi alisema, akianza kusukuma.

"Ni muda wa kutosha kuzungumza, mwanangu. Nasikia kuna mkono unautafuta."

Karani alitazama ubao wa dirisha. Pedi ya wino ilikuwepo. Mihuri miwili ilikuwepo, na kalamu ikining'inia kwenye kamba. Nakala yenye namba arobaini haikuwepo.

"Kaka," aliita. Sauti ilitoka ndogo. "Kaka, ngoja kwanza."

Alihangaika na komeo la mlango wa masjala. Lilikuwa la kizamani, lilihitaji kuinuliwa kabla ya kuvutwa, na leo alivuta kabla ya kuinua. Alipotoka ukumbini, kiti kilikuwa kimeshavuka kizingiti cha wodi. Makasi alikuwa ameshika bahasha kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa akimpa fundi karatasi, bila neno, kama mtu anayetoa kadi dirishani.

Kaka alisimama. Mwanzo hakusoma namba. Namba zilikuwa arobaini na yeye alitazama neno tu, lile lenye pengo, limerudiwa kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Muhuri ule haukuwa na pacha hospitali nzima. Kisha kidole chake kikashuka mpaka katikati ya karatasi, kwenye 0417, kikakaa hapo.

"Ulisema ulikuwa ruhusa," alisema.

Karani alikuwa ameshafika mlangoni. Wangeweza kugusana. "Kaka, zilikuwa namba tupu. Sikujua. Nakuapia sikujua."

Kaka alimtazama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikuwa na sura ile ile ya asubuhi za zamani, alipokuwa akipita dirishani na kikombe chake cha chai kumtania.

"Dada," alisema. "Ameondoa nani?"

Karani alifumbua kinywa. Kabla hajapata neno, mlango wa wodi ulifungwa, na ufunguo ukazungushwa kwa ndani.